Mzee wa teksi ya Entebbe, tabasamu la binti yako halinisaidii

Juzi tena. Teksi ya Entebbe, barabara ya zamani, mzee aliyekaa pembeni yangu akaiona sare yangu ya uhudumu wa ndege, akaanza: "Nina binti ana tabasamu zuri, halafu mpole kweli. Mtafutie nafasi huko kwenu." Maneno haya nimeambiwa harusini, msibani, hata kwa daktari wa meno mdomo ukiwa wazi. Mzee wangu, wapole ndio wanaonitoa jasho.

Mimi ni mkufunzi wa wahudumu, hupanda ndege na wanagenzi waliokwisha kufaulu darasani. Milango wameifungua, moto wameuzima, slaidi za kutorokea wameteremka. Chai hujifunza kwa safari tatu, akimwaga, atapangusa. Kinachonila wiki nzima ni sauti.

Chukua begi kwenye safu ya mlango wa dharura. Wakati wa kuondoka pale hapatakiwi kitu sakafuni wala mapajani. Mwanagenzi wangu mmoja alimkuta mheshimiwa wa makamo amekumbatia begi la kompyuta. "Ssebo," yaani bwana, "nakuomba nikuwekee juu." Mheshimiwa akatikisa kichwa. Dada akatabasamu, akaomba tena, kisha akajiendea, ati atarudi. Ndege imeshaanza kusogea! Malezi mema hayo: kwao mtoto hamwamrishi mtu wa rika la baba yake. Nikaenda mwenyewe. "Begi juu sasa hivi, ndipo tuondoke." Likapanda.

Mpaka leo sina hakika kama nilifanya vyema. Miongozo yetu inasema mkufunzi aingilie usalama ukiguswa. Haisemi kwamba ukishaingilia, safu ile nzima haimsikilizi tena mwanagenzi wako hadi mnatua. Nilimrekebisha baadaye, nyuma ya pazia. Akalia. Maji ya chai yakachemka sote wawili tumenyamaza.

Na msiniletee zile sekunde 90, eti ndani ya hizo abiria wote wawe wameshatoka. Hicho ni kipimo cha kuidhinisha aina ya ndege, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Si saa inayowahesabia watu ajalini. Haneda, Januari 2024, ilichukua kama dakika 18 hadi mtu wa mwisho kutoka kwenye ndege ya Japan Airlines iliyokuwa ikiungua, na wote 379 walitoka hai. Mfumo wa matangazo ulikuwa umekufa. Wahudumu walibaki na kipaza sauti cha mkononi na makoo yao.

Karibu na kwetu kuna ile ya Ethiopian ya 1996, iliyotekwa ikielekea Nairobi, ikaishiwa mafuta, ikaangukia baharini Komoro. Wakafa 125 kati ya 175. Wengine walikuwa wamejaza jaketi zao za kuokolea upepo wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, yakawapandisha darini, mlango uko chini. Ndiyo maana hukasirika nikisikia "usijaze upepo ukiwa ndani ya ndege" ikisomwa mbiombio kama bei za nyanya. Sisi tunarukia juu ya ziwa, jamani.

Sasa, sauti inafundishwaje? Darasani kila mtu anajua kupayuka. Nimeona waliotikisa kuta kule wakawa bubu ndege ilipopiga breki kali tu, na sijapata njia ya kuwatambua mapema. Kwa yule dada nilibahatisha. Sisi Waganda wengi Kiswahili tulikisikia kwanza kwa askari: kaa chini, toka, leta. Kwa Kiingereza anaomba, kwa Luganda anapiga magoti kabisa, lakini kwa Kiswahili hana hata "tafadhali" moja. Nikamwambia tukifika kituoni, kabla ya abiria kupanda, asimame mlangoni anipigie amri kwa Kiswahili cha kambini. "Fungua mkanda! Acha mzigo! Ruka!" Fundi aliyekuwa chini alitazama juu, akasogea pembeni.

Wiki iliyofuata, tukiingia Mombasa, mama mmoja alisimama kuchukua mkoba magurudumu hayajagusa lami. "Mama! Kaa chini!" Mama alikaa hata kabla hajajua amekaa. Mlangoni akanishika mkono: "Mwanangu, huyu binti hana adabu, kwetu tunasema keti tafadhali."

Nikampa pole. Nikaandika lalamiko lake kwenye fomu kama inavyotakiwa, na ukurasa wa pili, penye swali kama mwanagenzi anaweza kuruka bila mkufunzi, nikatia sahihi.