Bujora: anza kwa mhunzi, malizia uwanja wa ngoma

Wageni wengi wanaofika Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, hukimbilia ngoma za batemi, yaani machifu wa Kisukuma, hupiga picha mbili tatu, kisha hurudi mjini wakijua wameona. Mimi hushauri waende kinyume. Ngoma za kitemi ziachwe karibu na mwisho, na uwanja wa kuchezea uwe mwisho kabisa. Vitu vya mle ndani vilitengenezwa vifanye kazi mbele ya watu, na uwanjani ndiko kazi yenyewe inakoonekana.

Bujora iko Kisesa, wilaya ya Magu, kama kilomita 20 kutoka katikati ya jiji la Mwanza kwa barabara ya Musoma. Panda daladala ya Kisesa inayopita Nyakato na Igoma, na ujipe muda wa foleni. Kutoka Kisesa ni bodaboda, au mwendo wa miguu wa kama kilomita mbili. Nenda asubuhi, ila si Jumapili: makumbusho yamo ndani ya eneo la kanisa, na saa za misa hutapata mtu wa kukutembeza. Bila mwongozaji utaona nyumba za nyasi na vyuma tu.

Mwanzilishi ni Padri David Clement, mzaliwa wa Quebec, Kanada, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1968. Kumbuka pia mwaka 1963, serikali ilipofuta mamlaka ya machifu. Viti vya enzi na ngoma vilibaki mikononi mwa familia za batemi bila utawala wa kuvitumia, na vingi vikakabidhiwa Bujora.

Anzia nyumba ya mhunzi. Muulize mwongozaji kuhusu Walongo, mafundi wa upande wa Geita waliokuwa wakiyeyusha chuma kwa mkaa na mivukuto. Jembe lao lililimia, na pia lililipia mahari. Ukiwa na hilo kichwani, ngoma ya majembe utakayoiona baadaye haitakuwa sarakasi tu.

Kisha nyumba ya mganga, ambayo watu huipita haraka kwa woga au kwa dharau. Kosa kubwa, maana ndiyo ufunguo wa uwanja. Wachezaji wa Usukuma wamegawanyika katika pande mbili, Bagika na Bagalu, na masimulizi yanazianzishia kwa waganga wawili waliokuwa wapinzani, Ngika na Gumha. Walishindana ni dawa ya nani yenye nguvu zaidi, na kipimo kikawa watu: nani atawavuta wengi. Dawa hiyo ya mvuto huitwa samba. Mpaka leo, kwenye mashindano ya kweli pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na ushindi hufuata umati. Ndiyo maana kundi la Bayeye huja na chatu, na la Banunguli na nungunungu: jirani akikupokonya watazamaji, umekwisha. Nawe ukitoka kundi hili kwenda lile umeshapiga kura, hata kama ulikuwa unatafuta kivuli.

Usiliache lile pipa kubwa linalozunguka, lenye namna mbalimbali za kuhesabu moja hadi kumi. Kila rika lilikuwa na maneno yake, nusu lugha ya siri, nusu kitambulisho. Mwombe mwongozaji ayatamke. Kuyasoma kimyakimya hakusaidii.

Jengo la ngoma za kitemi lina umbo la kiti cha mtemi, kwa hiyo litazame kwanza kutoka mbali. Ngoma ziko ghorofa ya juu. Usizigonge hata kwa kidole: hizi si mabaki, bado hupigwa kwenye sikukuu za kanisa na ziara za viongozi. Kanisa la duara lililo jirani nalo limejengwa kwa alama za Kisukuma. Liangalie ukiwa bado na kiti kile akilini.

Sasa uwanja. Msimu wake ni baada ya mavuno, na kilele ni Bulabo, sherehe inayoanza na sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Tarehe hubadilika kila mwaka kwa sababu hufuata Pasaka: hesabu Jumapili ya tisa baada ya Pasaka, kwa kawaida huangukia Juni, kisha uthibitishe na parokia kabla ya kukata tiketi.

Nje ya msimu, onyesho huagizwa mapema. Wachezaji ni wakulima. Mvua zikianza wako shambani, na mgeni anayetokea ghafla akidai ngoma huondoka na hasira zisizo na sababu. Unapoagiza, taja idadi yenu na ngoma mnayotaka. Bugobogobo ndiyo ya majembe, na hurushwa hewani kweli, kwa hiyo watoto wakae nyuma. Ya Bayeye ina chatu. Hana sumu, lakini mwenye hofu ya nyoka aseme kabla. Bei, muda na ruhusa ya kupiga picha vimalizwe kabla ngoma haijaanza kulia, kwa sababu ikishaanza hakuna anayemsikia mwenzake.

Kuona nyumba zote kunataka saa mbili. Mkiwa na onyesho, ongeza saa moja. Wakati wa Bulabo, patana asubuhi ileile unapofika na bodaboda wa kukurudisha.