Maziwa hayafuti mionzi

Juzi mama mmoja katoka kupiga picha ya kifua, kanifuata mezani: "Mwanangu, maziwa yanauzwa wapi hapa? Nikasafishe hiyo mionzi." Wiki hii sijui ni wa ngapi. Na wa kulaumiwa ni sisi wapiga picha za eksirei: wenzangu kazini wanadai posho ya maziwa kwa hoja hiyohiyo.

Sikilizeni. Mashine ya eksirei hutoa mionzi pale tu umeme unaposukuma elektroni zigonge tungsteni. Kitufe kikiachiwa, imekwisha. Nani aliwahi kufagia mwanga baada ya kuzima taa? Kama kuna chembe hai ya mwili iliyodhurika, imeshadhurika, na mwili wenyewe ndio unaokarabati. Maziwa yanafika harusi imeshavunjika.

Tiba ya nyuklia ni habari nyingine. Pale unachomwa dawa yenye mionzi, nawe unageuka chanzo cha mionzi: mojawapo ya dawa hizo, teknisiamu-99m, mionzi yake hupungua nusu kila baada ya saa 6. Huko tunakuambia unywe maji mengi ukojoe, usikumbatie mtoto mchanga. Maji, si maziwa! Tena mnajua kilichotokea kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka mwaka 1986? Ng'ombe walikula majani yenye aiodini-131, aiodini ya mionzi, watoto wakanywa maziwa, ikaenda kukaa kwenye tezi za shingo zao. Maziwa ndiyo yaliyoileta.

Kinga yenyewe mnaijua: muda mfupi, umbali, na kizuizi cha madini ya risasi. Ukisimama mbali mara mbili, dozi inashuka hadi robo. Anayenisumbua ni ndugu anayemshika mtoto wakati wa picha akikataa aproni ya risasi, hajui kwamba mionzi inatawanyika kutoka kwenye mwili wa mtoto na kumrudia yeye. Na huyohuyo, akiugua tumbo, ataililia CT, ile eksirei ya kuzunguka mwili, yenye dozi ya takriban milisivati 8 (kipimo cha mionzi mwilini), wakati picha ya kifua haifiki hata 0.1.

Je, hiyo 0.1 inadhuru? Kwa kweli hakuna aliyeweza kulipima dhara dogo hivyo. Tunapiga hesabu kana kwamba linadhuru, kwa tahadhari. Hata kile kipande cha risasi cha kufunika nyonga nilikiweka miaka mingi, mpaka mwaka 2019 wanafizikia tiba wa Marekani waliposhauri kiachwe: kinaweza kuficha tunachokitafuta, na faida yake ni ndogo mno. Mgonjwa akikiomba, bado mkono wangu unasita.

Yule mama nilimwonyesha kantini. Karudi na pakiti mbili, moja yangu, "maana wewe unakaa humo kutwa." Nikanywa.