Mtoto njiti na kifua cha mama yake

Kwa miaka mingi imeaminika kwamba mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito, ni dhaifu mno kuguswa, na kwamba ni lazima kwanza atunzwe peke yake ndani ya mashine ya joto mpaka apate nguvu. Imani hii ina chanzo cha kueleweka, kwa sababu mtoto huyo hupoteza joto haraka na huambukizwa kwa urahisi. Kosa liko katika kudhani kwamba mama ndiye hatari.

Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria, aliyekabiliwa na uhaba wa mashine, alianza kuwaweka watoto kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Wengi waliichukulia njia hiyo, iitwayo kangaruu, kuwa ya maskini tu. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba kuianza mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali ya mtoto itulie, kulipunguza vifo kwa takriban asilimia 25 miongoni mwa watoto wenye uzito wa kati ya kilo 1 na 1.8.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtoto akae kifuani hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa kwa mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe au aliye mahututi. Muuguzi anayemfunga mtoto kifuani mwa mama anatoa tiba halisi.