Utafiti wa somo: Japani na Zambia zina nini cha kuwafundisha walimu wetu

Hesabu ya 13 − 9 hufundishwa darasa la kwanza nchini Japani, na walimu wanaweza kukaa pamoja vikao kadhaa wakiandaa somo hilo moja tu. Swali lao kubwa ni hili: mtoto atafikirije? Mmoja atahesabu kwa vidole kurudi nyuma. Mwingine atatoa 9 kwenye 10, abaki na 1, kisha ajumlishe ile 3. Wa tatu ataondoa 3 kwanza afike 10, halafu aondoe 6. Namba zenyewe zimechaguliwa kwa makusudi: 9 iko karibu na 10, kwa hiyo njia ya pili hujitokeza kwa urahisi. Ukiandika 12 − 3, wengi watafuata ya tatu.

Utaratibu huu huitwa jugyo kenkyu, yaani utafiti wa somo. Mwalimu mmoja hufundisha dakika 45. Wenzake husimama kando ya madawati wakiandika alichojaribu mtoto, alichofuta na alipokwama. Hawamsaidii hata akikosea. Ubao haufutwi hadi mwisho, ili njia zote zionekane kwa pamoja. Kikao hufuata siku hiyohiyo: aliyefundisha huanza kusema, watazamaji hueleza walichokiona kwenye madaftari, na mtaalamu mwalikwa hufunga mjadala.

Zambia iliupokea utaratibu huu mwaka 2005, ikianza na walimu wa sayansi katika Mkoa wa Kati. Kule, somo hurekebishwa na kufundishwa tena kabla ya ripoti kuandikwa. Hatua hiyo ni ya thamani sana, kwa sababu marekebisho yasiyojaribiwa hubaki kwenye karatasi.

Tanzania tayari ina jukwaa linalofaa: jumuiya za ujifunzaji za MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini). Kinachoweza kuharibu kazi ni kuigeuza kuwa ukaguzi. Mwalimu mkuu akiingia na fomu ya alama, aliyefundisha atajitetea, na muhula ujao hakuna atakayejitolea. Kosa la pili ni kuwazoesha wanafunzi somo hilo mapema. Majibu yatakuwa safi, lakini fikra zao hazitaonekana. La tatu ni kujadili sauti na mwandiko wa mwalimu saa nzima, huku madaftari hayajafunguliwa.

Darasa lenye wanafunzi 80 halina nafasi ya kuzunguka. Mgawie kila mtazamaji dawati moja au mawili, awafuatilie watoto hao tu tangu mwanzo hadi mwisho. Walimu watatu hadi watano wanatosha, na somo moja kwa muhula ni mwanzo mzuri. Ili madarasa mengine yasibaki bila mwalimu, liwekeni kipindi cha mwisho: shule nyingi za Japani huwaruhusu wanafunzi wengine kwenda nyumbani, likabaki darasa moja linalofundishwa.