Dawa ya dubu haipakwi

Wiki iliyopita, saa nne usiku, ujumbe wa sauti ukaingia. Dakika mbili na nusu, kutoka kwa dada mmoja wa Tanga anayekuja Yellowstone, hifadhi ya taifa huku Marekani, mwezi wa saba na mumewe na watoto wawili. Salamu ndefu, habari za viza, bei ya tiketi, halafu mwishoni kabisa: "Sasa kaka, ile dawa ya dubu tunawapaka watoto kabla ya kulala, au tukipuliza hemani inatosha?"

Huyo ni wa sita. Na lawama ni zetu sisi tuliotangulia huku, maana ndio tulioanza kuiita dawa ya dubu. Kwetu dawa ya mbu unapaka, dawa ya mende unapuliza chumbani na kufunga mlango. Mtu mwenye akili zake akisikia dawa ya dubu afanyeje tena? Jamani, kile kikopo ni pilipili. Pilipili iliyoshindiliwa kwa gesi, inayotoka kama wingu la mita tisa hivi, sekunde saba au nane, basi, kimekwisha. Ukimpulizia mtoto mtalala hospitali. Ukipulizia hema mtalala nje, tena huenda na mgeni, kwa sababu huko Alaska watafiti waliwahi kuwaona dubu wakifuata mahali pilipili hiyo ilipomwagika, wakinusa na kujigaragaza. Likiwa hewani wingu linamchoma macho na pua. Likishatua kwenye nyasi, kwake ni kiungo.

Kwa hiyo kikopo kinakaa kiunoni, si ndani ya begi chini ya koti la mvua. Dubu akikujia unalenga mbele yake, chini kidogo, unaacha aliingie wingu mwenyewe. Kwenye ndege hakiruhusiwi, hata kwenye mzigo wa chini, kwa hiyo unanunua au kukodi ukishafika, na unasoma tarehe ya kuisha muda wake. Na usikiache ndani ya gari juani. Ukitoka Yellowstone ukaenda Yosemite, hifadhi nyingine iliyoko California, kule kumiliki hicho kikopo ni marufuku kabisa. Nchi moja, bendera moja, sheria mbili. Kila hifadhi usome yake.

Lakini kikopo si tatizo langu kubwa. Tatizo langu ni ile sentensi inayokuja baada ya kikopo: "Sisi tumekulia na simba bwana, dubu ni nini?"

Nilianza kazi hii Arusha, mpishi wa kambi, kabla sijawa muongoza watalii na kabla sijahamia huku Montana. Nimelala kambi za Pimbi na Nyani, pale Seronera ndani ya Serengeti, usiku ambao simba ananguruma mpaka turubai linatetemeka. Naijua hiyo jeuri, ninayo mwenyewe. Ila ebu tukumbuke vizuri. Simba wa Seronera anapita kando ya hema kama anapita kando ya jiwe. Umefunga zipu, umetulia, huna unalomhusu. Hataki wali wako. Ndiyo maana kule hema ni mahali salama na jiko ndilo lililozungushiwa wavu wa chuma: tulikuwa tunapika ndani ya kizimba, nyani wanatuchungulia kutoka nje kama sisi ndio maonyesho. Wavu ule haukuwekwa kwa ajili ya simba. Uliwekwa kwa ajili ya nyani na fisi, wanaotaka kilichomo sufuriani.

Basi usimfananishe dubu na simba. Mfananishe na nyani kwa ujanja, na fisi kwa pua na kwa kutochagua chakula, halafu umpe mwili wa kilo mia tatu. Anakula majani, nondo, samaki, mizoga, mbegu za misonobari. Anashinda na njaa ya mtu anayejua kwamba kuna miezi mitano ya kulala bila kula mbele yake. Huyo hapiti kando ya hema kama jiwe ikiwa ndani ya jiwe kuna dagaa.

Nasema dagaa kwa sababu nimewaona. Mwaka mmoja nilikuwa na kundi, ndani yake mzee mmoja wa Mwanza, mcheshi, anayependwa na wote. Kiza kimeingia, napita hema kwa hema kukagua, nafika kwake, nasikia harufu. Si ya kubahatisha: dagaa wa kukaanga, na kitunguu. "Shikamoo mzee, kuna chakula humo?" "Marahaba. Hakuna chakula mwanangu, kuna kitafunwa." Alikuwa amewaweka chini ya mto, kwenye mifuko ya plastiki miwili, ndani ya soksi. "Nimefunga mara mbili," akaniambia, akionyesha fundo. Mimi niliyesimama nje gizani nimewatambua hao dagaa, na pua yangu ukiipambanisha na ya dubu ni aibu.

Tukaanza kutoa. Dagaa. Njugu. Dawa ya meno. Mafuta ya kujipaka. Sabuni. Bazoka za kutafuna. Kopo tupu la soda, ambalo alibishania sana kwa sababu ni tupu. Kikombe alichonywea chai, hakijaoshwa. Vyote vikaenda kwenye sanduku la chuma lililoko kambini, lile lenye kitasa cha kuingiza vidole kwa ndani ambacho kucha za dubu haziwezi kukikamata. Hapa ndipo watu wanaponichosha. Wanasikia "chakula", wanatoa mkate na nyama, wanabaki na vingine vyote. Tumia neno harufu. Kinachonukia ni chakula, hata kama wewe hukili. Nepi iliyotumika ni chakula. Mafuta ya nazi ya kichwani ni chakula.

Sanduku lisipokuwepo, Yellowstone wanakubali uviweke ndani ya gari lililofungwa vioo. Yosemite usiku hawakubali, kwa sababu dubu wa kule wameshajifunza kuvua mlango wa gari. Na ukienda porini kwa miguu, Yellowstone kambi nyingi zina boriti juu, unafunga mzigo kwa kamba mpaka mita tatu kutoka chini, na jiko lako linakuwa mita tisini kutoka hema. Hiyo ya mita tisini ni ya porini tu. Kambi za magari meza na moto viko hapo hapo mlangoni, na mtu anayesimama kunihubiria mita tisini pale anapikia kambi ya jirani.

Wengine wanauliza ukali wote huu wa nini. Wa nini? Zamani hoteli za Yellowstone zilitupa mabaki ya chakula majalalani, dubu wakaja, na serikali ikajenga mabenchi watu wakae watazame dubu wakila taka. Barabarani watalii waliwalisha mkononi. Jalala la mwisho lilifungwa mwaka 1970, kwa mkupuo. Frank na John Craighead, ndugu wawili waliokuwa wamewachunguza wale dubu kwa miaka, walitaka lifungwe taratibu, hawakusikilizwa. Dubu waliozoea wakaanza kuingia kambini, wakauawa kwa wingi, na kufikia 1975 grizi, yule dubu mkubwa wa kahawia mwenye nundu begani, ikabidi aandikwe kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Dagaa wa mzee wetu wangeweza kuishia hivyo hivyo: dubu akishaonja mara mbili, anayepigwa risasi ni yeye, mzee anarudi Mwanza na hadithi.

Sasa lile la dubu akikushambulia, "grizi jifanye maiti, dubu mweusi pigana". Nalifundisha kwa sababu ndivyo hifadhi inavyofundisha. Lakini dubu mweusi yupo wa kahawia, grizi yupo karibu mweusi, na nundu ya begani huioni vizuri akija mbele kwa mbele. Mimi mwenyewe, baada ya miaka yote hii, nimewahi kubishana na mwenzangu kwa darubini dakika kumi nzima juu ya mnyama aliyekuwa anakula maua tu. Sina imani sana na mtu atakayetofautisha ndani ya sekunde tatu. Moja nina hakika nalo: akikufuata ndani ya hema, usijifanye maiti. Huyo hakuja kujihami. Pigana.

Mengine haraka haraka. Bison, yaani nyati wa huku, si ng'ombe, anawajeruhi watu wengi kuliko dubu, kaa mita 23; dubu na mbwa mwitu mita 91. Kwenye chemchemi za moto usitoke nje ya njia ya mbao hata kama kofia imepeperuka. Julai usiku baridi inashuka karibu na sifuri. Maharage kwa mwinuko ule hayaivi leo, beba dengu. Hakuna mpishi, hakuna mpagazi, hema unasimika mwenyewe. Nafasi ya kambi inawekwa miezi mingi kabla. Na tangu Januari 2026, mgeni wa miaka 16 na zaidi anaongeza dola 100 juu ya kiingilio, au ananunua pasi ya mwaka ya dola 250. Wamegundua bei ya mgeni na bei ya mwenyeji, wenzetu. Hatuna la kusema.

Dada wa Tanga nimemtumia yote haya kwa sauti, vipande vinne. Kimya kwa muda. Halafu ukaja mmoja mfupi: "Na udi je?"

Udi uache Tanga, dada.