Nani kakwambia zamani ndoa zilikuwa hazivunjiki?

Jumamosi nilikuwa kwenye harusi hapa Mtwara, Shangani, nimeshatulia na sahani yangu ya pilau, mshereheshaji akashika maiki: "Bibi zetu walivumilia jamani, ndoa zilidumu, siku hizi msichana akisoma tu, talaka!" Ukumbi mzima ukaitikia. Nikaweka kijiko chini. Maneno hayahaya nimeshayasikia kwenye semina, kwenye bajaji, msikitini, kanisani, na kinachoniuma zaidi ofisini kwetu ustawi wa jamii, kwa watu tuliosoma nao sosholojia darasa moja. Sasa naandika, yaishe.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmakonde wa Newala. Siku moja anabangua korosho nikamuuliza, bibi umeolewa mara ngapi? Akafuta mikono kwenye kanga akaanza kuhesabu vidole. Wa kwanza hakumaliza hata msimu. Wa pili ndo babu yako. Wa tatu... akanyamaza, akamuita mdogo wake aliyekuwa jikoni aje amkumbushe jina. Wakacheka wote wawili mpaka machozi. Na wala hakuwa kituko pale kijijini, wenzie wa rika lake walikuwa hivyohivyo.

Wamakonde, Wamwera, Wamakua, Wayao, wote hawa kwa asili ni ukoo wa mama. Mtoto wa kwao mama, mwenye sauti mjomba, na mwanaume ndo anahamia ukweni, mahari yenyewe ya kawaida tu. Ndoa ikimshinda anakunja mkeka wake anaondoka, watoto wanabaki walipo, shamba linabaki lilipo, hamna ng'ombe wa kurudisha. Max Gluckman, mwanaanthropolojia, mwaka 1950 aliwalinganisha Wazulu wa Afrika Kusini na Walozi wa Zambia akasema kitu cha namna hiyo: palipo na ukoo wa baba na mahari nzito ndoa inang'ang'ania, pasipo na hivyo inaachia kirahisi. Ila kipi kinaleta kipi? Wapo wanaosema mahari nzito ndo inazuia talaka, yeye mwenyewe alisema ni kinyume chake, watu wanakubali kutoa mahari nzito kwa sababu kwao ndoa tayari hazivunjiki. Mimi miaka yote hii sijaamua nikae upande gani, na anayekwambia kaamua muogope kidogo.

Alafu hili la kusoma. Malaysia, majimbo ya Kelantan na Terengganu, pwani, Waislamu, wakulima na wavuvi, yaani kama Kilwa tu, miaka ya 1950 zaidi ya nusu ya ndoa zilikuwa zinaishia kwenye talaka. Wasichana walipoanza kusoma, wakachelewa kuolewa, wakachagua wenyewe, talaka zikaporomoka! Japani nako mwisho wa karne ya 19 talaka zilikuwa nyingi, zikashuka nchi inavyozidi kuwa ya viwanda. Kwaiyo "usasa unaleta talaka" ni habari ya Ulaya na Marekani mnatupakulia sisi. Na hata hukohuko, Uingereza sheria mpya ya talaka ilianza kutumika 1971 talaka zikapaa, ila nyingi za mwanzoni ni za watu ambao walishaachana zamani, sheria iliwapa ruhusa ya kuzika tu.

Sikatai kwamba mwanamke mwenye kipato chake anaweza kumuacha mume mkorofi. Anaweza. Ila bibi yangu hakuwa na mshahara na aliweza, maana alikuwa na shamba na wajomba mlango wa pili.

Sasa hiki ndo kinanitoa mapovu, mahesabu. Mtu anachukua talaka za mwaka huu anagawa kwa ndoa za mwaka huu anatangaza asilimia. Chukulia kata moja imefunga ndoa 100, talaka 40. Hao 40 hawakuoana mwaka huu, wengine wana miaka 20 ndani. Mwaka unaofuata korosho bei mbaya, watu wanaahirisha harusi, ndoa zinakuwa 50, talaka zilezile 40, na tayari una kichwa cha habari: asilimia 80 ya ndoa zavunjika! Hakuna aliyemuacha mtu zaidi ya mwaka jana jamani, korosho tu imeshuka bei. Na talaka za bibi ziliandikwa wapi? Hamna, mkeka ulikunjwa basi. Leo kuna nyumba ya tofali na kiwanja, kwaiyo mama anapitia baraza la usuluhishi anaenda mahakamani, maana tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani 1983, kazi za nyumbani nazo zinahesabika kama jasho kwenye kugawana mali. Kinachoongezeka hapo kwa sehemu kubwa ni mafaili.

Sogea tukae, yaani kuishi pamoja bila kufunga ndoa, nitapita haraka. Watu wanasema ukikaa na mwanaume miezi sita tayari ni mke. Hapana, miezi sita haikufanyi mke. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema miaka miwili au zaidi, na watu wawe wanawajua kama mke na mume, na hata hapo ni dhana tu, inaweza kupingwa. Na wale wanaosema vijana wanaiga Wazungu waje wakae ofisini kwangu asubuhi moja. Juzi walikuja wawili, kaka anasema "huyu mchumba wangu", dada anasema "huyu mume wangu", mtoto wa miaka minne katikati anakula kashata. Mmeoana? Wakajibu pamoja: bado, tunasubiri msimu ukae vizuri. Msimu upi hawakusema. Fomu yangu ina ameolewa, hajaolewa, ameachika, mjane. Nikaacha wazi. Jana imerudishwa, imezungushiwa kalamu nyekundu: haijakamilika.