Asidi za mafuta za mnyororo mfupi ni nini?

Jina lenyewe linapotosha. Ukisikia "asidi za mafuta" unawaza kikaango, kumbe hizi kwa sehemu kubwa hutokana na makapimlo: nyuzinyuzi za maharage, matunda na nafaka isiyokobolewa, ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzimeng'enya. Zikifika utumbo mpana, bakteria huzichachusha bila oksijeni, zikatoka gesi pamoja na asidi tatu kuu: asetati (kaboni 2), propionati (3) na butirati (4), kwa uwiano wa takriban 60:20:20. Uchache huo wa kaboni ndiyo maana ya mnyororo mfupi, kwani asidi nyingi za mafuta ya alizeti zina kaboni 18.

Butirati haiendi mbali. Seli za ukuta wa utumbo mpana huichoma palepale, na hupata humo kama asilimia 70 ya nishati yao. Mgonjwa akipasuliwa na choo kikaelekezwa kwenye tundu la tumboni, kipande cha utumbo kisichopitiwa na kitu mara nyingi huvimba, na ukosefu wa butirati hutajwa kuwa sababu mojawapo. Propionati hunaswa na ini, ambalo huweza kuigeuza glukosi. Asetati hupenya hadi kwenye damu, ikawa kuni za misuli na moyo.

Kwa binadamu, zote tatu huchangia asilimia 5 hadi 10 tu ya nishati ya siku; kwa ng'ombe, karibu 70. Na kwa kuwa makapimlo hutupa nishati kupitia asidi hizi tu, gramu yake huhesabiwa kilokalori 2 hivi, si 4 kama wanga wa kawaida.

Mtu mzima anashauriwa gramu 25 za makapimlo kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyochemshwa kina kama 13. Dona lina mengi kuliko sembe, na kiporo cha ugali au viazi kina wanga sugu zaidi, yaani wanga unaofika kwa bakteria kama makapimlo, kwa sababu wanga ukipoa hujipanga upya na kuwa mgumu kumeng'enywa. Ukipashwa moto, sehemu yake hubaki. Kosa la wengi ni kuruka kutoka gramu 10 hadi 30 kwa siku moja: tumbo linajaa gesi, wanaacha. Ongeza gramu 5 kila wiki, na maji.

Na samli? Ina butirati kidogo kweli, ila hufyonzwa huko juu kwenye utumbo mwembamba, kabla ya kufika inakohitajika.